TAHARIRI: KARANTINI YA BOHARI NI YA WOTE



Juma lililopita gunia 4 za mahindi kutoka nje ya kijiji ziliingizwa bohari usiku, bila kupitia banda la karantini. Mwenyewe hatumtaji. Anajijua, na mlinzi anamjua. Tunachosema ni kwamba zitolewe.

Wapo wanaouliza, kelele zote za nini kwa kadudu kasikofikia hata urefu wa punje ya mchele? Wazee wanakumbuka. Dumuzi si mwenyeji hapa, kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Kwetu alitambuliwa mkoani Tabora mwaka 1981, watu wakampachika jina la Scania. Mwaka 1983 akaonekana Taveta, Kenya. Kuruka anaruka, lakini safari ndefu hupanda lori kama abiria, ndani ya magunia ya mahindi na makopa. Huko Tabora, wataalamu waliopima vihenge miaka ile walikuta vingine vimepoteza kama theluthi ya mahindi kwa miezi 3 hadi 6 tu.

Sasa liko jambo ambalo wengi tunalipuuza. Dumuzi ni mdudu wa miti! Jamaa zake wengi ni watoboa mbao, na yeye mwenyewe hutoboa miti mikavu akajificha humo. Mtu anamaliza mahindi, anafagia kihenge, moyo unatulia. Kumbe nguzo na fito zilezile zina matundu, vumbi la unga linadondoka. Msimu ujao anaweka mahindi mapya, halafu anamtafuta mchawi. Ndiyo maana kanuni ya Mkutano Mkuu inataja boriti kuukuu na kuni pamoja na mahindi. Kina mama wametucheka, eti tumekosa kazi hadi tunakagua kuni. Wacheke tu, lakini kuni zenye matundu zichomwe upesi, zisirundikwe ukutani mwa bohari.

Na kwa nini wiki 6? Kwa sababu yai hutagwa ndani, kwenye punje. Leo ukitazama gunia unaona mahindi safi kabisa. Penye joto hupita karibu mwezi mzima mpaka mdudu kamili atoke. Kwa hiyo banda si mahabusu, ni mahali pa kumsubiri ajitokeze. Na mahindi yaje yamepukuchuliwa, maana kwenye gunzi dumuzi hustawi zaidi. Dawa iwe ile inayotaja dumuzi kwenye pakiti, ya fukusi peke yake haimtoshi.

Kilio cha wenye shida tunakisikia. Mtu ana mgonjwa, ana ada ya mtoto, unamwambia asubiri wiki 6? Hapa Kamati nayo imezembea. Maoni yetu ni kwamba mwenye mahindi bandani akopeshwe sehemu ya thamani yake, akatwe yakishauzwa. Bila hivyo watu wataendelea kupita usiku, na tutabaki kugombana na mlinzi, ambaye naye ana watoto wa kulisha na hawezi kumzuia mkubwa.

Jumatatu tunaanza kupokea mahindi ya wanachama. Gunia zile 4 zitoke kabla ya Jumamosi, sakafu ifagiwe, na mlango uwekwe kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa katibu, wa pili kwa mwanachama asiye wa Kamati.