Maoni: Kabla ya kupaka baiskeli rangi, andika namba yake

Familia inapokimbia vita huku Mashariki mwa Congo, baiskeli ndiyo inayobeba godoro, bidoni ya maji, sufuria na mara nyingine bibi asiyeweza kutembea. Wengine hulazimika kuiacha njiani, wengine huiacha kwa jirani. Utulivu ukirudi, ugomvi unaanza: kinga hii ni ya nani? Zote ni nyeusi, zote zimechakaa. Kila mmoja anaapa kwamba ni yake, na chifu hana ushahidi wa kushika mkononi.

Kuhusu jambo hilo, kuna la kujifunza kutoka Kanada, nchi ambayo imepokea wakimbizi wengi wa Congo. Kule kuna watu wanaokusanya baiskeli za zamani zilizotengenezwa nchini humo. Huzitoa kwenye ghala za mashamba, kwenye vyumba vya chini ya nyumba, hata kwenye malundo ya vyuma vya kutupwa. Kazi yao ya kwanza si kusafisha. Kwanza wanataka kujua: hii ni baiskeli gani, na ilitengenezwa mwaka gani?

Nyingi kati ya hizo zilitoka kampuni moja, CCM, yaani Canada Cycle & Motor. Iliundwa mwaka 1899, pale watengenezaji kadhaa wa baiskeli walipoungana kwa sababu biashara ilikuwa imeanza kudorora na kampuni za Marekani zilikuwa zinawabana. Kwa miaka mingi kiwanda chake kilikuwa Weston, sehemu ambayo leo iko ndani ya mji wa Toronto. Kilitengeneza pia viatu vya kuteleza juu ya barafu, na kwa muda kampuni iliunda hata magari. Mwaka 1983 ikafilisika. Jina lake bado linaonekana madukani, lakini kampuni ile ya zamani haipo tena.

Ugumu wa kuzitambua baiskeli hizo uko hapa: baada ya kuungana, kampuni iliendelea kutumia majina ya zamani kama Massey, Cleveland, Perfect na Red Bird. Kwa hiyo baiskeli mbili za kiwanda kimoja zinaweza kuwa na mabamba tofauti chini ya usukani. Tena bamba hung'olewa, rangi hupakwa upya, magurudumu hubadilishwa. Baadhi zina gia za Sturmey-Archer, za Uingereza, ndani ya gurudumu la nyuma, na mara nyingi mwaka umegongwa juu ya chuma cha gia hiyo. Lakini mwaka huo ni wa gia tu. Mtu akiwa amebadilisha gurudumu, baiskeli yenyewe inaweza kuwa ya zamani zaidi.

Hata tairi linaweza kudanganya. Kwenye matairi mawili unaweza kusoma maandishi yale yale, 28 x 1½, kumbe moja ni la rimu ya milimita 635 na lingine, ambalo Kanada liliandikwa pia F.13, ni la rimu ya milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini tairi haliingii. Na hilo la 635 ndilo linalovaliwa na zile baiskeli ndefu nyeusi za India na China zinazofahamika sana huku kwetu. Fundi wa hapa na mkusanyaji wa Kanada wanaweza kutafuta tairi moja.

Kinachobaki ni namba iliyogongwa kwenye kadre, yaani mabomba yanayoshika baiskeli nzima. Inaweza kuwa karibu na kiti, au chini, pale pedali zinapopita. Wakusanyaji husugua uchafu taratibu, kisha hupaka unga wa chaki ili herufi na tarakimu zionekane. Kwa baiskeli za CCM, wapenzi wake wameweka pamoja orodha zinazolinganisha namba na miaka. Anayepata risiti ya kale yenye namba na tarehe amepata ushahidi mkubwa.

Ndiyo maana wengi wao huchelewa kupaka rangi mpya. Rangi ya kwanza ikikwanguliwa hairudi tena. Hupiga picha kabla ya kufungua chochote, huweka skrubu kwenye makopo yaliyoandikwa, hutoa kutu kwa mafuta na nyuzi laini za chuma, hutia grisi mpya kwenye goroli. Baiskeli inarudi barabarani huku alama zake zikiwa bado zinasomeka.

Mtu anaweza kusema: haya ni mambo ya watu walioshiba. Anayelala chini ya hema atafanya nini na kutu ya Kanada? Hoja hiyo ina uzito. Lakini mkusanyaji wa kule akikosea mwaka, anapoteza raha yake tu. Mhamiaji wa vita akikosa kuthibitisha baiskeli yake, anapoteza njia ya kupeleka mihogo sokoni, kuchota maji, kumfikisha mgonjwa hospitali. Anayehitaji namba zaidi ni yeye.

Kosa linatendeka kwenye gereji zetu ndogo. Baiskeli ikiharibika, fundi hukwangua kadre, huipaka rangi nzito, na namba inafunikwa. Akitumia mashine ya kusaga chuma, namba inafutika kabisa. Mwenyewe anafurahi kwa sababu inang'aa. Siku ya ugomvi hana alama tena, na chuma kilichofutwa namba hufanana na mali ya wizi hata kama mwenyewe aliinunua kwa jasho lake.

Mji wa Toronto uliwahi kuwalazimisha wenye baiskeli kuwa na leseni, tangu mwaka 1935 hadi 1957. Huku kwetu si lazima kungoja serikali, wala kuongeza kodi nyingine kwa raia. Daftari la shule na kalamu vinatosha. Mwenye baiskeli aigeuze chini juu, aisome namba, aiandike pamoja na rangi, mahali palipochomelewa na tarehe aliyoinunua. Nakala moja ibaki kwa mtu wa familia anayeishi pengine, na mashahidi wawili watie sahihi. Fundi naye awe na daftari lake, na azibe namba kwa kipande cha utepe kabla ya kupaka rangi.

Haitachukua nusu saa. Nyumba haibebeki wakati wa kukimbia, shamba vilevile. Karatasi yenye namba inaingia mfukoni.