Namba Iliyoandikwa Kwenye Tiketi
Hapa kisiwani kwetu, Ndagoni, nauli ya ndege tunaipima kwa nazi, na nazi zenyewe ni nyingi mno. Ndiyo maana inaniuma nikimwona kijana wetu anayefanya kazi ng'ambo akija na kurudi mwaka hadi mwaka bila kudai pointi ambazo mashirika ya ndege huwapa wasafiri wao wa mara kwa mara. Kutoka kiwanja chetu cha Kilindoni hadi Dar utapanda ndege ndogo aina ya Caravan, na hapo usitarajie kitu. Hesabu inaanzia Dar. Safari moja ya ndege huweza kuuzwa kwa namba mbili: kwa miaka mingi Precision Air na Kenya Airways waliuziana viti namna hiyo, rubani yuleyule, chakula kilekile, lakini tiketi moja imeandikwa PW na nyingine KQ. Kenya Airways imo katika SkyTeam, muungano wa mashirika ya ndege yanayohesabiana pointi; Precision haimo. Herufi hizo mbili zinaweza kuamua kama safari yako itahesabiwa au itapotea bure. Kabla hujalipa, muulize wakala: namba ni ya nani, ndege inarushwa na nani, na tiketi ina herufi gani ya daraja la nauli, maana nauli rahisi mara nyingi huleta pointi chache. Anayenunua tiketi ya kuzunguka dunia, tuseme kupitia Addis Ababa na Ethiopian, iliyoingia muungano mwingine, Star Alliance, mwaka 2011, aulize hivyo kwa kila kipande cha safari, hata vikiwa kumi. Na pasi ya kupandia ndege asiitupe mpaka azione pointi zimeingia.