Gone Home na Fasili ya Mchezo

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba Gone Home (2013) si mchezo wa video, ati kwa kuwa hamna adui, alama wala ushindi. Hoja hiyo haina mashiko. Mhusika anarejea kwao Oregon mwaka 1995 na kukuta nyumba isiyo na mtu. Mchezaji asipoutafuta ufunguo, asipofungua droo na kusoma barua, kisa hakisongi. Mabishano haya si mageni katika Kiswahili. Ilipotoka Kichomi (1974) ya Kezilahabi, wanamapokeo walizikana tungo zisizo na vina na mizani. Walipima umbo, wakaupuuza utendaji wake kwa msomaji. Anayedai alama aeleze kwanza ni nani, asipokuwa mchezaji, aufunguaye mlango huo.