Kumchezea mbwa siyo kucheza na mbwa

Jamani wadau, leo naandika kuhusu mbwa. Najua kuna mtakaouliza kama dhahabu ya Geita imeisha mpaka nihamie kwa mbwa. Ulizeni tu.

Wiki iliyopita mtaani kwetu hapa Geita mjini, kambwa ka jirani, ka miezi minne hivi, kalimkimbilia mtoto anayetoka shule. Kakainama mbele mpaka viwiko vikagusa vumbi, makalio juu, mkia unapepea, kakabweka mara moja. Mtu mzima akapiga kelele "atang'ata!" na tofali likaruka. Mguu ukavunjika. Waliosimama pale wakasema afadhali.

Afadhali nini? Mtafiti Mmarekani Marc Bekoff alichapisha mwaka 1995 kwamba wakicheza, mbwa huinama hivyo hasa kabla au mara baada ya kumng'ata mwenzake na kutikisa kichwa. Anamhakikishia kwamba bado ni mchezo. Sisi tuliokulia kwenye utani tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Mtani anakuvuruga mpaka msibani na hukasiriki, maana wote mnajua ni utani.

Halafu vijana wanampiga mawe mbwa aliyefungwa mnyororo na kusema "tunamchezea tu." Kiswahili chenyewe kimeshawaumbua! Mbwa wakicheza, mkubwa hujilaza chali ili mdogo naye ashinde, na aliyechoka anaondoka. Wa mnyororo aondoke aende wapi?

Na nyie wenye mageti ya "Mbwa Mkali", Geita na Kahama mmejaa. Mnamtoa mtoto kwa mama yake hajaacha kunyonya, mnamfunga peke yake eti awe mkali. Kipimo cha meno anajifunza kwa ndugu zake: aking'ata sana, mwenzake analia na mchezo unakatika. Mmemnyima hilo, kisha akikata mnyororo na kuumiza mtoto wa watu mnamlaumu yeye.

Mtaniambia kuna kichaa cha mbwa. Kipo na kinaua. Ukiumwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kimbia hospitali ukachomwe chanjo. Mbwa naye apelekwe chanjo kila mwaka. Tofali halichanji mtu. Na tangu 2008 tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama inayokataza ukatili huu, ila pale mtaani hakuna aliyeitaja.

Jana nimepita tena. Kambwa kako chini ya mkokoteni. Mtoto yule yule alikuwa amechuchumaa anakaita, anakapigia makofi. Hakakutoka.