Habari si Fadhila ya Ofisi

Mkulima wa mpunga katika bonde la Kilombero anahitaji kujua mambo machache kwa uhakika: maji ya mto yatapanda lini, bei ya gunia Ifakara ni kiasi gani, na mpaka wa hifadhi unapita wapi. La tatu ndilo zito. Mwaka 2012 ilifanyika operesheni ya kuondoa mifugo bondeni, na mwaka 2023 sehemu ya pori tengefu la Kilombero ikapandishwa hadhi kuwa pori la akiba. Maamuzi hayo yana sababu zake. Bonde hili limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu za dunia tangu 2002, nalo linastahili kulindwa. Lakini mwananchi anayesikia habari za mpaka akiwa amekwisha kupanda ana haki ya kuuliza kwa nini hakuambiwa mapema. Nani atamwulizia swali hilo hadharani kama si mwandishi wa habari?

Waandishi wa Dar es Salaam aghalabu hufika Mlimba au Malinyi pametokea maafa, au wakiwa katika msafara wa kiongozi. Kwa hiyo redio ya jamii kama Pambazuko FM ya Ifakara si pambo la mji. Ndiyo inayoweza kurudi kesho yake, na kesho kutwa, kuuliza jambo lile lile ambalo halikujibiwa jana.

Hapa sisi watumishi wa umma tujitazame. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli zake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma imjibu mwombaji ndani ya siku 30. Ni watumishi wangapi wanaoijua sheria hiyo? Mwandishi akibisha hodi, mara nyingi huambiwa kwamba mkuu yuko safarini, au kwamba suala lake litapelekwa ngazi ya juu. Taarifa inayofungiwa kabatini haifi. Hutoka kwa mlango wa nyuma ikiwa uvumi, na ofisi iliyoificha hulazimika baadaye kuitisha mkutano wa kukanusha. Wala asidhani mtu kwamba uhuru wa vyombo vya habari ni hoja ya wapinzani pekee. Mwezi Agosti 2021 gazeti la Uhuru, la Chama chenyewe, lilisimamishwa kwa siku 14.

Lakini kufuli la ofisi si kikwazo pekee. Redio ndogo inayoishi kwa tangazo la halmashauri moja, au la mfanyabiashara mmoja, au kwa mradi wa mfadhili mmoja kutoka ng'ambo, hunyamaza bila kuamriwa. Mhariri anajua mshahara wa mwezi unatoka wapi. Halmashauri zetu zingeisaidia sana redio ya namna hiyo kwa jambo dogo tu: kulipa matangazo kwa wakati, kwa mkataba ulio wazi, na kutokuukata mkataba huo siku redio inapotangaza kwamba zahanati haina dawa.

Sasa tumtazame msikilizaji. Wazazi wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vya kusikiliza Radio Tanzania. Walisikiliza, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Ilikuwa kazi kubwa, na mimi ni mmoja wa wanaoamini kwamba tuliiacha mapema mno. Hata hivyo sauti ilishuka tu kutoka studio. Ya kijijini haikupanda kwa wingi ule ule. Bondeni Kilombero, miaka ya 1990, mradi wa vyandarua vyenye dawa uliwatumia wenye maduka, viongozi wa vijiji na wahudumu wa zahanati, watu ambao mama mwenye mashaka aliweza kuwauliza uso kwa uso. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba vyandarua hivyo viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27.

Siku hizi mama huyo huyo hupokea kwa simu ujumbe usio na mwenyewe, unaodai ati chanjo inaharibu uzazi, au ati bwawa limepasuka. Zahanati itamkanushia mara moja. Kesho utakuja mwingine. Afadhali afundishwe kuuchambua mwenyewe, na kazi hiyo ni ya walimu. Mwalimu wa darasa la saba achukue habari moja, mathalan bei ya mbolea, awaambie wanafunzi wailinganishe ilivyotangazwa redioni, ilivyobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, na ilivyosambazwa kwa simu. Nani kasema? Lini? Aliona mwenyewe au kasimuliwa? Anapata faida gani tukiamini? Kisha mwandishi wa redio aalikwe darasani, aulizwe maswali hayo hayo kuhusu habari yake mwenyewe. Hakuna mtaala mpya unaohitajika hapo, wala semina ya siku tatu Morogoro mjini. Yatosha kipindi kimoja kwa juma, redio yenye betri, na mwalimu mkuu asiyeogopa maswali ya watoto.