Upepo Ukiisha, Gari Husimama

Aghalabu mtu aonapo lori lenye trela limesimama kando ya barabara ya Kalemng'orok, na dereva wake amelala chini ya magurudumu akisikiliza mlio wa upepo unaovuja, husema kuwa breki za gari hilo zimekufa. Maneno hayo si sawa. Mara nyingi breki zimefanya kazi yake kama ipasavyo: upepo umepungua, nazo zimeyashika magurudumu na kukataa kuyaachia. Lililoharibika ni mpira au valvu, na gari limesimama kwa makusudi ya mtu aliyelibuni.

Kalemng'orok ni kituo kilicho baina ya Kainuk na Lokichar, katika Turkana ya Kusini, kwenye barabara kuu itokayo Kitale kwenda Lodwar, Kakuma, Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini. Vitu vingi vinavyoliwa, kuvaliwa au kujengewa huko kaskazini hupita hapo juu ya malori: unga, saruji, mabati, dizeli, na tangu kambi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka wa 1992, chakula cha wakimbizi. Yarudipo, mengine huchukua mbuzi. Malori hayo hushuka kutoka Kapenguria, palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, yakapita Kamatira, Chepareria, Ortum na penyo la milima la Marich, hata yakatokea katika nchi tambarare yenye joto kali. Lodwar yenyewe iko karibu mita 500 tu. Kwa hiyo lori lifikapo Kalemng'orok, breki zake zimekwisha kufanya kazi kubwa, na dramu zake huenda zikawa za moto hata mkono hauwezi kuzigusa.

Ufundi wa breki za upepo haukuanza katika malori bali katika reli. Mwaka wa 1869 Bwana George Westinghouse wa Marekani alipata hataza ya breki ya gari la moshi iliyofungwa kwa nguvu ya upepo. Upepo ulishindiliwa katika mtungi uliokuwa kwenye injini, na dereva alipotaka kusimama aliupeleka kwa bomba hadi chini ya mabehewa. Ulikuwa mpango mzuri wenye dosari moja kubwa: bomba likikatika, au behewa la nyuma likichomoka, upepo ulitoka nje, na breki zikakosekana saa ile ile zilipohitajiwa kuliko saa zote. Mwaka wa 1872 Westinghouse akaugeuza mpango wake juu chini. Tangu hapo upepo ulikaa ndani ya bomba safari yote, na kila behewa likapewa mtungi wake mdogo. Upepo wa bomba ulipopungua, kwa kupenda kwa dereva au kwa ajali, valvu ya kila behewa iliufungulia upepo wa mtungi wake na breki zikafunga. Bomba lililokatika likawa sababu ya gari kusimama, si sababu ya msiba.

Malori ya leo hufuata wazo hilo hilo. Injini huendesha kompresa, nayo hushindilia upepo ndani ya mitungi ya chuma hadi nguvu yake ifikie kama ratili 100 au 120 kwa kila inchi ya mraba. Dereva akikanyaga breki, hasukumi kitu kizito kwa mguu wake. Hufungua mlango tu, upepo ukapita hadi kwenye kopo la chuma lililo karibu na gurudumu, ambalo mafundi huliita busta. Ndani yake upepo husukuma kifimbo, kifimbo hugeuza mkono, na viatu vya breki hupanuka vikaubana ukuta wa ndani wa dramu.

Nyuma ya busta kuna chumba cha pili, na humo ndimo ulinzi ulimo. Springi nene imeshindiliwa humo, nayo huzuiwa na upepo. Upepo ukiwapo, springi hukaa nyuma na gari huenda. Upepo ukitoka, springi hufumka, ikasukuma kifimbo kile kile, na gurudumu hushikwa. Kabla mambo hayajafika hapo, nguvu ya upepo ikishuka kufikia kama ratili 60, taa nyekundu huwaka mbele ya dereva na mlio husikika, ili apate nafasi ya kuchagua mahali pa kusimama. Wapo madereva waliokata waya wa mlio huo kwa kuwa unawaudhi, kama mtu amwuaye mbwa wake kwa sababu hubweka usiku.

Baina ya lori na trela hupita mipira miwili. Mmoja ni mwekundu, na kazi yake ni kuupeleka upepo kwenye mtungi wa trela bila kukoma. Wa pili, mara nyingi wa manjano, huchukua amri ya dereva tu. Mpira mwekundu ukikatika, au trela likichomoka, trela hujifunga lenyewe papo hapo, na valvu iliyo katika lori huuziba upepo wa lori usikimbilie nje, ili dereva abaki na breki zake.

Lakini mtu hushinda kila kufuli aliyoitengeneza mwenyewe. Katika busta ya springi pana tundu, na pembeni yake huwekwa bolti ndefu. Bolti hiyo ikiingizwa na kukazwa kwa spana, huirudisha springi nyuma hata pasipo upepo, na gurudumu likawa huru. Iliwekwa ili fundi aweze kulisogeza gari bovu. Dereva aliyekwama Kalemng'orok jua linapotua huitazama kwa jicho jingine. Sehemu ya barabara baina ya Kainuk na Lokichar imejulikana kwa miaka mingi kwa wanyang'anyi wenye bunduki. Magari yamepigwa risasi huko, na safari nyingi zimefanywa kwa kusindikizwa na askari. Mwezi wa Februari mwaka wa 2023 Serikali ya Kenya ilitangaza operesheni dhidi ya uhalifu huo katika kaunti sita, Turkana na Pokot Magharibi zikiwamo. Basi dereva anayekataa kulala porini asichekwe. Hukunja mpira mwekundu akaufunga kwa waya, hukaza bolti zote za trela, akaenda zake, na usiku ule ule yuko Lodwar, akisifiwa na tajiri wake kwa kuwahi.

Usiku ule si wenye hatari kubwa. Nchi ya kutoka Kalemng'orok hadi Lodwar haina miinuko mirefu, na kwa mwendo wa polepole lori huweza kulishika trela kwa breki zake peke yake. Kwa kuwa hakupatikana na neno, dereva huona kuwa bolti zaweza kungoja. Siku ya tatu hupakia mbuzi na kuelekea kusini. Sasa gari linapanda, na kwa kuwa linapanda, breki hazimo katika mawazo yake. Huko Kamatira gia ikikataa kuingia, au injini ikizima, lori husimama nukta moja kisha huanza kurudi nyuma. Trela halina cha kulishika. Hutangulia kwa uzito wake, hujikunja upande mmoja na kulivuta lori, na nyuma yake kuna matatu iliyojaa watu. Akivuka hapo kwa salama, umebaki mteremko mrefu wa kutoka Timboroa kupita Sachangwan kuelekea Nakuru, ambako wako wanaotoa gia kabisa ili kuokoa dizeli. Gia ikiwa imetolewa, injini huzunguka polepole na kompresa hushindilia upepo kidogo, huku dereva akikanyaga na kuachia breki na kuutumia mwingi. Mtungi wenye matumizi makubwa kuliko mapato huisha. Karani yeyote ajua hesabu hiyo.

Namna ya haki ya kujinasua ni fupi. Kwanza mawe makubwa huwekwa mbele na nyuma ya magurudumu, maana bolti ikikazwa hakuna kingine kitakacholizuia gari. Kisha povu la sabuni hupakwa kwenye mipira na viungo. Penye uvujo povu hufura. Mpira mmoja wa akiba na viungo viwili, vilivyonunuliwa Kitale kabla ya safari, huondoa sehemu kubwa ya taabu hizi kwa bei ndogo kuliko ya tairi moja. Ikiwa hapana budi kukaza bolti, iwe ni kulitoa gari katikati ya barabara au kulifikisha kituoni kwa mwendo wa mtu atembeaye, na zifunguliwe kabla ya safari nyingine yoyote. Kopo lenyewe la busta lisifunguliwe kamwe kwa nyundo na patasi. Springi iliyomo ina nguvu ya ratili elfu moja na zaidi, na imekwisha kuua mafundi.

Katika magari mengi mapya upepo huo huo umepewa kazi ya pili, nayo ni kubeba mzigo. Badala ya springi za vyuma zilizopangwa bamba juu ya bamba, ekseli huchukua uzito kwa mifuko minene ya mpira iliyojaa upepo. Mabasi ya General Motors huko Marekani yalikuwa nayo tangu mwaka wa 1953. Mzigo ukiongezwa, valvu ndogo huongeza upepo katika mifuko hata gari lirudi kimo chake. Mzigo ukishushwa, huutoa. Penye saa ya kuonyesha nguvu ya mifuko hiyo, dereva mzoefu huweza kukisia uzito wa ekseli zake hata kabla ya kufika kwenye mizani ya Gilgil.

Barabara nayo hupata faida. Majaribio yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, mwaka wa 1958 hadi 1960 yalionyesha kuwa uzito wa ekseli ukiwa maradufu, barabara huumia kama mara kumi na sita. Mwaka wa 1992 nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliruhusu ekseli za kusukuma zenye mifuko ya upepo zibebe zaidi ya zile za springi za vyuma, kwa kuwa hazipigi lami kwa vishindo. Jambo hilo si geni kwa watu wa Turkana. Barabara yao, iliyojengwa kwa msaada wa Norway katika miaka ya 1980, ilikuja kuvunjikavunjika hata magari yakapita kandoni mwake. Tarehe 3 Juni 2018 malori ya kwanza ya mafuta ghafi yaliondoka Turkana kwenda Mombasa kwa njia hiyo; mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka wa 2019 zilipoiharibu, uchukuzi huo ukasimamishwa.

Hata hivyo mwenye lori la Lodwar anayeshikilia springi za vyuma ana hoja yake. Bamba lililovunjika hubadilishwa na fundi yeyote chini ya mti, lakini mfuko uliopasuliwa na jiwe wataka mfuko mwingine kutoka mbali. Anayenunua gari la mifuko na ahakikishe kuwa valvu ya kulinda mitungi ya breki ipo na ni nzima, ili mfuko ukipasuka usimalize upepo wa breki pia.

Adui wa kila siku ni maji na vumbi. Upepo wa Kapenguria ni wa unyevu. Ukishindiliwa hupata moto, na ukipoa ndani ya mtungi hutoa maji, ambayo huchanganyika na oili ya kompresa na kuozesha valvu. Vumbi la Turkana huingia kwa kichujio kilichochakaa na kuila kompresa. Kila jioni, gari likiisha kuegeshwa na magurudumu kuwekewa mawe, kamba iliyo chini ya kila mtungi huvutwa hata maji yaishe. Yakitoka meupe mazito kama maziwa, ni oili iliyochanganyika nayo, na kompresa itazamwe kabla ya gari kupandishwa tena Marich.