Donge Lisilouma Ndilo la Kukupeleka Hospitali

Kuna kauli inayozunguka saluni, misibani na hata kwenye foleni za zahanati: donge la titi kama haliumi, halina neno. Wanaoitoa wanamfariji mtu wanayempenda. Nasema faraja hiyo inaua, na tuache kuitoa.

Saratani ya titi kwa kawaida huanza kimya. Donge la mwanzo, mara nyingi gumu, hukua kwa miezi bila kumnyima mtu usingizi. Maumivu ya matiti, kinyume chake, mengi huletwa na mzunguko wa hedhi au, kwa anayenyonyesha, maziwa kujaa na maambukizi. Sisemi linalouma lipuuzwe. Nasema kipimo chetu kimekaa kichwa chini miguu juu: kinamharakisha hospitali mwenye tatizo dogo na kumbakiza nyumbani mwenye kubwa.

Wagonjwa wengi wa saratani ya titi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hufika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Tunalaumu nauli, umbali na waganga, na ni kweli. Lakini wapo wenye bima, wanaoishi daladala moja tu kutoka hospitali, waliokaa na donge mwaka mzima kwa kuwa halikuwasumbua. Hao hawakukwamishwa na fedha. Walikwamishwa na sisi tuliowaambia wasihofu.

Tena si donge peke yake. Ngozi ya titi inayobonyea au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyozama ghafla au inayotoa damu, kidonda cha chuchu kisichopona, uvimbe kwapani: dalili hizi nyingi haziumi. Wala usijitoe kwa sababu hakuna aliyeugua katika ukoo wenu. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya wanaougua hawana kihatarishi kingine zaidi ya kuwa wanawake na kuvuka miaka 40. Wanaume nao huugua, ingawa wachache.

Wengine hukwamishwa na hofu: "Nikienda watanikata titi." Madonge mengi si saratani, na anayejua ni maabara, baada ya altrasaundi na kinyama kuchukuliwa kwa sindano. Hata ikiwa saratani, ikiwahiwa huwezekana kuondolewa donge tu, titi likabaki.

Hasira yangu kubwa ni kwa baadhi ya wahudumu wa afya. Mama amejikaza hadi kituoni, swali la kwanza ni "linauma?", kisha anarudishwa na vidonge. Muulizeni limeanza lini na kama limekua. Mpapaseni matiti yote mawili na makwapa, kisha mwandikieni rufaa; Shirika hilohilo linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza. Na akirudi nyumbani na panadol mkononi, ndugu zake wasimwambie apumzike. Waende naye kituo kingine.